Bao la Tatu

Mtaani kwao walikuwa na usemi: ukitaka kujua timu imefungwa mangapi, huna haja ya redio, nenda ukahesabu viatu mlangoni kwa Kinyozi. Bao moja, jozi nne au tano. Mabao mawili, jozi nane. Jumapili ile viatu vilianzia kizingitini, vikashuka ngazi zote tatu, vikafika mpaka penye bomba la uani, na waliochelewa waliingia wamevibeba vyao mkononi kama watu wanaovuka mto.

Manne bila. Tena uwanja wa nyumbani.

Jikoni, Sindano alikuwa akipanga vikombe kwenye sinia na kukosea hesabu kila mara. Huyu ndiye binti mkubwa wa Kinyozi, fundi cherehani mwenye meza yake kwenye kibaraza cha duka la vitambaa. Jina la Sindano lilimganda tangu shuleni, nusu kwa wembamba wake, nusu kwa ulimi wake. Lakini siku hiyo ulimi ulikuwa umemkauka. Alitazama saa ya ukutani: saa kumi kasorobo. Akapiga simu kwa mara ya kumi na kitu, na yule mwanamke wa kwenye simu akamjibu kwa sauti yake tamu kwamba mteja hapatikani.

"Bado?" mama yake akauliza.

"Bado. Wakifungwa, kocha anawanyang'anya simu mpaka watoke kambini."

"Basi atakuja tu." Mama akashusha pumzi. "Na kule sebuleni ndiyo kwanza wanamaliza bao la kwanza."

Kusema kweli, kosa lilikuwa la wanawake wa nyumba ile, na ni kosa ambalo lisingetokea nyumba nyingine yoyote. Kinyozi alikuwa mwenyekiti wa tawi la mashabiki, mwaka wa kumi na tisa sasa, na kila Jumapili baada ya kufungwa tawi lilikutana kwake kufanya kile walichokiita kesi. Kesi ilikuwa na taratibu zake. Uwanja ulichorwa mezani kwa chaki ya cherehani. Wachezaji wa timu yao walikuwa vizibo vyeupe vya soda, wapinzani vizibo vya rangi ya machungwa, na mpira ulikuwa kifungo cha shati. Kila bao lilichezwa upya, kizibo kwa kizibo, mpaka mwenye kosa apatikane, na Katibu, mwalimu wa shule ya msingi mwenye mwandiko wa kupendeza, akaliandika jina lake daftarini. Kesi ilianza saa nane kamili, na bao moja lilikula nusu saa. Basi Mama na Shangazi walipokaa mwezi mzima uliopita kupanga siku ya mgeni, walipiga mahesabu yao wakijiona wajanja: hata timu ikifungwa mawili, saa tisa watu wametawanyika, mgeni aje saa kumi.

Nani angefikiria manne? Na nani angefikiria kwamba bao la kwanza pekee lingekula saa nzima na zaidi, kwa kuwa Fundi Bomba, mwanatawi mmoja mbishi, aling'ang'ania kwamba hata mpira wa kurushwa uliolitangulia haukuwa wa wapinzani?

Hilo lingekuwa jambo dogo kama mgeni angekuwa karani wa posta au mwuza miwani. Mgeni mwenyewe alikuwa namba tano. Beki wa kati. Mtu mrefu kama nguzo ya taa, ambaye misimu miwili iliyopita tawi lile lile lilimwita Ukuta, na sasa lilimwita Pazia, kwamba hata upepo tu unampitia. Jina lake ndilo lililojaa katika daftari la Katibu, ukurasa baada ya ukurasa.

Kinyozi hakujua. Alichojua ni kile alichoambiwa na dada yake: kwamba kuna kijana, ana kazi ya mkataba, anasafiri kidogo, hanywi, anampenda binti kwa moyo mweupe na anataka kuja kujitambulisha. Kinyozi akasema aje. Shangazi alikuwa na nia njema ya kumalizia habari ile. Alisema atamweleza kaka yake kazi yenyewe siku timu ikishinda, wakati moyo wake ni laini. Mechi saba zikapita. Shangazi akawa anangoja ushindi kuliko hata mashabiki wenyewe.

Walivyokutana ilikuwa mambo ya suruali. Mwenye miguu ile hapati suruali dukani ikamfika kwenye kisigino, basi alimletea Sindano moja ya kijivu aiongeze urefu. Akaiongeza. Baada ya siku tatu akairudisha, akasema bado fupi. Akaiongeza tena mpaka kitambaa kikaisha. Aliporudi mara ya tatu na suruali ile ile, Sindano aliipima, akamtazama kutoka chini mpaka juu, safari ndefu, akamwambia kwamba suruali haina tatizo lolote, mwenye tatizo ni yeye. Yule mtu akacheka akiangalia chini, akasema kwamba hata yeye alianza kushuku hivyo.

Tangu siku hiyo walikuwa wakionana kwa kujificha. Si kwamba Sindano aliona aibu kuwa naye. Alikuwa akiogopa, na woga una ujinga wake. Wiki mbili nyuma tawi lilimpa kazi ya kushona bango la kupeleka uwanjani, herufi nyekundu kwenye shuka jeupe: PAZIA LISHUSHWE. Angekataa angeulizwa sababu. Akashona, herufi baada ya herufi, akijichoma vidole kama mwanafunzi wa siku ya kwanza, na jioni akamfuata mwenyewe akamwambia. Alitegemea ugomvi. Yule mtu akamwuliza kama mishono yake imenyooka. Imenyooka, akasema Sindano. Vizuri, akajibu, maana nitakuwa naisoma dakika tisini.

Ni jioni ile ile ndipo alipomwambia jambo ambalo Sindano alilibeba kifuani kama kaa la moto. Nahodha, namba nne, beki anayecheza ubavuni mwake, goti lake lilikuwa limekufa. Hageuki. Akipitwa, amepitwa. Alikuwa akilifunga bandeji nyumbani na kumficha hata daktari wa timu, kwa kuwa msimu ulibaki mechi chache na huo ndio uliokuwa wa mwisho wake. Alitaka aage akiwa amesimama. Basi kila mpira ulipopita upande wa Nahodha, namba tano aliacha mtu wake akakimbia kuziba. Na mtu wake, aliyeachwa peke yake, akafunga. Uwanja mzima ukaona nani hakuwepo mahali pake.

"Usimwambie mtu," alimwambia. "Yeye ndiye aliyenifundisha kusimama pale."

Sindano akaapa.

Hodi tatu za adabu zilipigwa saa kumi kamili.

Mama ndiye aliyefungua, na mgeni akainama kuingia, kwa maana mlango haukujengwa kwa watu wa kimo kile. Alivaa shati jeupe lililopigwa pasi mpaka mikunjo ya mikono ilisimama. Sebule ya viti sita ilikuwa na wanaume kumi na watatu, na wote kumi na watatu walinyamaza kwa pamoja. Fundi Bomba alikuwa na biskuti nusu mdomoni, nusu nje. Kinyozi alikuwa ameinamia meza, na kati ya vidole vyake viwili alishika kizibo cheupe namba tano, akikipeleka mahali ambapo hakikutakiwa kuwa.

Shangazi akajikohoza. Alikuwa mwanamke aliyekwisha kuozesha mabinti wanne na kusuluhisha ndoa zisizohesabika, lakini sauti ilimtoka nyembamba.

"Kaka, huyu ndiye mgeni niliyekuambia."

Kinyozi akamtazama dada yake. Akamtazama mgeni. Akakitazama kizibo. Kisha macho yake yakaenda mlangoni mwa jikoni, yakamkuta binti yake amesimama na sinia, uso wote uko wazi kama barua iliyofunguliwa, na hapo hakuhitaji kuambiwa zaidi. Mzee akakaa taratibu, kama mtu anayehisi kiti kimesogezwa.

Fundi Bomba, baada ya kumeza biskuti yake, akauliza kama jamaa amekuja kuomba radhi. Mtu mmoja nyuma akanong'ona kwamba hapana, tazama shati, yule amekuja kuchumbia. Neno lile lilizunguka sebule kwa kasi kuliko mshambuliaji yeyote aliyeonekana msimu ule, na nakuhakikishia lilikuwa limefika mwisho wa mtaa kabla chai ya mgeni haijapoa.

"Mgeni ni mgeni," akasema Kinyozi hatimaye. "Mpisheni akae."

Wakampisha. Kiti kilichopatikana kilikuwa kile cha mezani, mbele ya uwanja wa chaki, na yule mtu akakaa, magoti yakigonga meza na vizibo vikitikisika.

Ingekuwa nyumba nyingine, mzee angewaaga watu wake kwa upole wakaenda. Lakini wale watu walikuwa na maumivu yao, na lazima tuwahurumie. Fundi Bomba jana yake alilia uwanjani, akasema ni jasho. Katibu hakuwa amelala. Mechi saba waliimba mpaka koo zikakauka, wakarudi nyumbani kwa miguu bila kusemeshana, na leo mtu waliyemlaumu kwa yote alikuwa amekaa mbele yao na mikono imekunjwa mapajani. Kinyozi aliziona nyuso zile. Pengine na yeye alitaka kujua.

"Tulikuwa na shughuli hapa," akasema. "Kwa kuwa umefika, tusaidie. Katibu, soma."

Katibu akasoma: bao la pili, dakika ya thelathini na moja, krosi kutoka upande wa kulia wa wapinzani. Kinyozi akapanga vizibo.

"Mtu wako huyu hapa, namba tisa. Wewe unaonekana huku kabisa, kwa Nahodha. Ulifuata nini huku?"

"Kosa langu, mzee."

"Sikuuliza la nani. Nimeuliza ulifuata nini."

"Kosa langu."

Sindano, mlangoni, aliuma midomo. Alijua kilichofuatwa kule. Winga amempita Nahodha kama mtu anayepita kiti kitupu. Kuna mtu mmoja tu aliyeona na kukimbia. Sentensi moja, nayo ilikuwa tayari kwenye ncha ya ulimi wake. Angeitoa, aibu yote ingehamia kwa mwingine, na yeye angepata mume, na baba angebaki na heshima yake barazani. Mama yake akamsogelea na kumnong'oneza: mbona mtu wako hajitetei? Sindano akatikisa kichwa tu.

Katibu akaandika. Bao la tatu, akasoma, dakika ya hamsini na nane, pasi ya katikati, namba tisa peke yake na kipa.

Kinyozi akasogeza kifungo. Alitegemea maneno yale yale mawili. Lakini mgeni alijiinamia juu ya meza, akakitazama kizibo chake, na masikio yakaanza kumwiva.

"Hili, mzee, nilikuwa nimelala."

"Umelala vipi?"

"Nilikuwa nimesimama hapa. Si hapo ulipoweka, hapa, hatua mbili nyuma, ndiyo maana namba tisa hakuotea. Soksi ya kushoto ilikuwa imeshuka. Mpira ulipita hapa, hivi, karibu kabisa na huu mguu, hata upepo wake niliusikia. Ningenyoosha tu." Akajigusa ukosi. "Nilikuwa nawaza shati."

"Shati?"

"La kuja nalo leo. Ninayo mawili ya kueleweka, la bluu na hili. Nikawa najiuliza, mtu anakwenda kwa wazee wa watu, la bluu si linaonekana kama la kazini? Nilipoinua macho, kipa alikuwa anatoa mpira wavuni na kunitukana."

Halafu mtu mmoja nyuma alishindwa, akacheka puani, na kicheko kikawapita wote kama chafya. Hata Fundi Bomba alijifuta macho, akajilaumu kwa kucheka bao la timu yake. Katibu alishika kalamu hewani, akauliza hilo aliandikeje. Mgeni hakucheka. Alimtazama Kinyozi moja kwa moja kwa mara ya kwanza, akasema, "Hilo naomba radhi kwa dhati. Kwako na kwa wote."

Kisha macho yake yakateleza yakaenda mlangoni, yakakutana na ya Sindano. Hawakuwa wameonana kwa siku tisa. Jicho lile lilikuwa jekundu kwa kukosa usingizi, na lilikuwa na haya, na lilikuwa na jambo jingine ambalo Sindano angelijua hata gizani. Moyo ulimdunda mpaka akadhani vikombe vinausikia.

Bao la nne likafika. "Kosa langu," akasema mgeni, na akarudi kuwa jiwe.

Hapo Fundi Bomba, ambaye kicheko kilimwacha na hasira ya kukilipia, akasema sasa wapige kura. Tawi litoe azimio namba tano asipangwe tena. Na si hilo tu. Akamgeukia Kinyozi, akamwambia kwa heshima zote kwamba yeye ni mwenyekiti, ana jina, na matawi mengine yatasemaje. "Binti huyu tumemwona akikua sote. Utampa mtu asiyeweza kumlinda hata namba tisa mmoja?"

Sindano aliweka sinia mezani, juu ya uwanja, katikati ya vizibo.

"Fundi," akasema, "mwezi wa pili ulitutengenezea bomba la pale uani. Siku ya tatu likavuja, na mpaka leo tunakinga ndoo. Hatukukushonea bango."

Mtu akasema "oyoo" chini kwa chini. Fundi Bomba akajipangusa makombo ya biskuti mdomoni.

"Baba." Sauti ilimpungua alipofika kwa baba, lakini hakuiacha ikate. "Lile bango nililishona kwa mikono yangu nikanyamaza, kwa kuwa nilikuwa nawaogopa. Leo sinyamazi. Ndiye huyu. Akifungwa kumi, ndiye huyu. Mimi siolewi na matokeo. Na kama mngejua tu kwa nini yeye..."

Hakumaliza. Yule mtu mrefu alikuwa amemtazama na kutikisa kichwa, kidogo sana, kama mtu anayemzuia mwenzake asikanyage kitu. Sindano akakata maneno. Machozi yakamjia kwa kuyameza maneno yale, akageuza uso.

Watu wengine hawakuona kitu. Lakini Kinyozi, miaka thelathini na moja kazi yake ilikuwa kusimama nyuma ya watu akizisoma nyuso zao kwenye kioo wakati wenyewe wanadhani anaangalia nywele. Aliliona jicho lile na kichwa kile. Akaisogeza sinia pembeni. Akarudisha vizibo mahali pake, akalicheza bao la pili upya, kimya, peke yake. Kisha la kwanza. Kisha la nne. Mara tatu kidole chake kilitoka kwa namba tano kikaenda kugusa kizibo cha jirani yake, namba nne, kikakaa hapo. Ya tatu kilikaa muda mrefu. Mzee alionekana amezeeka ghafla.

Nahodha yule, tangu akiwa kijana wa kikosi cha pili, hajanyolewa na mkono mwingine ila wa Kinyozi, na mara mbili za mwisho alikaa kitini mguu mmoja ameunyoosha.

Katibu akauliza kama wapige kura sasa. Kinyozi akavikusanya vizibo vyote kwa kiganja, vyeupe na vya machungwa pamoja, akavimwaga kwenye kopo lake.

"Andika ni kosa la ngome nzima."

"Nani hasa, Mwenyekiti?"

"Ngome nzima, Katibu. Kesi imefungwa. Mtanisamehe, nina mgeni."

Waliondoka wakinung'unika, kila mmoja akitafuta kiatu chake kwenye ule msitu wa viatu, na wawili wakaondoka na visivyo vyao. Sebuleni walibaki watano: Kinyozi, Mama, Shangazi, Sindano na mgeni.

"Ni goti?" akauliza Kinyozi.

Mgeni akaitazama mikono yake. "Mzee, mimi sijasema kitu."

"Hujasema. La tatu umelisema mpaka soksi. Yale mengine umeyasema kwa maneno mawili mawili. Mtu kosa lake analijua hata rangi. La mwenzake hulibeba tu." Akalifunika kopo la vizibo. "Jumanne atakuja kunyoa. Nitazungumza naye mimi, kama baba yake, mlango umefungwa. Mwanamume haagi kwa kuvunjwa mguu. Na wewe hukuniambia lolote."

Mabega ya yule mtu yalishuka kana kwamba kuna aliyemsaidia kutua mzigo, na ilimbidi ajifute uso kwa mkono wa shati lile alilolifikiria sana. Shangazi, ambaye hakuwa ameelewa habari ya goti wala ya soksi, alielewa machozi, akasogeza sahani ya biskuti.

"Lakini bado nina swali," akasema Kinyozi, na safari hii aliongea kama baba wa msichana. "Na hili halina mpira ndani yake. Wewe ni mtu wa kuacha mahali pako ukimbilie kwa wenzako. Nimekuona, ni jambo jema. Sasa nyumba nayo ina mahali pake. Siku rafiki akiita, ndugu akiita, kila mtu akiita, utakimbia. Binti yangu atabaki na nani?"

Swali lile lilimkuta mgeni hana hata maneno mawili. Alifikiri, na uzuri wake ni kwamba hakutunga jibu. Akasema, "Sijui, mzee. Nitajitahidi. Ila nikisema sitakimbia kabisa, nitakuwa nakudanganya."

Mama akamtazama mumewe kwa wasiwasi. Sindano ndiye aliyesogea, akakaa kwenye mkono wa kiti, pembeni ya mtu wake, waziwazi kwa mara ya kwanza.

"Baba, mimi si goli," akasema. "Sisimami mahali pamoja nikingoja kulindwa. Ana miguu, na mimi ninayo. Akikimbilia kule, mimi nitakaa hapa. Siku nikiitwa mimi, atakaa yeye."

Kinyozi akamtazama binti yake kwa muda, jinsi mtu anavyoitazama nguo aliyoizoea akagundua ina mfuko. Kitu kikamchezea mdomoni. Haikuwa tabasamu kamili, timu ilikuwa imefungwa manne jana tu, lakini Mama alikiona, akaenda jikoni upesi akajifanya anatafuta sukari.

"Wazee wako wako mbali?" akamwuliza mgeni.

"Mwendo wa nusu siku, mzee."

"Waje. Dada yangu atawapangia siku." Akamgeukia Shangazi. "Na safari hii usipige hesabu za mabao. Chagua wiki ambayo hawachezi."

Sindano alimsindikiza mgeni wake jua likiwa bado halijatua. Walipofungua geti, wakalikuta tawi zima. Hakuna aliyekuwa amekwenda kwake. Walikuwa wamejipanga kando ya ukuta wa jirani, kumi na wawili, wakijifanya wanazungumzia hali ya barabara, na Fundi Bomba mbele yao amekunja mikono. Kwenye madirisha ya ng'ambo mapazia yalikuwa yamesogezwa, na mwuza duka alikuwa ametoka nje na mizani yake mkononi.

Yule mtu akasita. Akamwambia kwa sauti ya chini kwamba si lazima, anaweza kumwacha hapo getini, watu wengi.

Sindano akamshika mkono, akaingiza vidole vyake katikati ya vidole vile virefu, akamvuta katikati ya barabara.

"Wanatutazama," akasema yule mtu.

"Waache. Wamekutazama ukikosea msimu mzima. Wakutazame na leo."

Wakatembea. Walipofika usawa wa ukuta ule, Fundi Bomba alikunjua mikono, akajikuna shingo, akasema bila kumtazama mtu kwamba kesho asubuhi atapita kuangalia lile bomba.